Kuiandaa jetski kwa hifadhi ya majira ya baridi: mwongozo kwa wenye vyombo wa Minnesota na majimbo jirani

Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na hakuna chuma cha injini chenye nguvu ya kuyazuia yasipanuke. Kazi yote itakayoelezwa hapa imesimama juu ya jambo hilo moja. Katika jimbo la Minnesota, hasa kaskazini, ambako usiku wa Januari hushuka mara kwa mara chini ya nyuzi −20 za sentigredi, kikombe kimoja cha maji kilichosahaulika ndani ya manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, kinatosha kuipasua, na mwenye chombo hatajua lolote hadi mwezi wa Mei, atakapoiwasha injini na kuyaona maji yakichuruzika kwenye ngama, yaani sakafu ya ndani ya chombo, au kuikuta oili imegeuka rangi ya maziwa.

Wengi wetu tulikulia mahali ambapo chombo hupandishwa nchi kavu kwa sababu nyingine. Huko Lamu na Pemba mashua hupandishwa kusi linapokaza, zikapakwa deheni na sifa (mafuta ya papa), zikangoja bahari itulie. Mtu aliyezoea utaratibu huo anaponunua jetski iliyotumika katika vitongoji vya Minneapolis mwezi wa Julai, muuzaji humwonyesha namna ya kuiwasha na namna ya kuipandisha kwenye trela, lakini kuhusu Oktoba hamwambii kitu.

Kazi yenyewe haihitaji ufundi wa hali ya juu. Mwenye spana za kawaida, mpira wa kumwagilia bustani na kitabu cha maelekezo cha chombo chake anaweza kuimaliza kwa siku moja. Maduka ya vipuri hujaza rafu kwa chupa za dawa za kila rangi msimu huu, na baadhi ya dawa hizo zina manufaa ya kweli, ila hakuna hata moja inayoweza kufidia maji yaliyoachwa ndani ya bomba. Kwa hiyo maelezo haya yatakaa zaidi kwenye maji, na mambo mengine yatapitiwa kwa kadiri ya uzito wake. Jambo la wakati ni fupi: usiku wa kwanza wa kuganda hufika sehemu nyingi za jimbo hili kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, kaskazini kukitangulia, na chombo kinapaswa kuwa tayari kabla ya hapo. Baridi kidogo ya alfajiri moja haipasui injini, lakini aliyezoea kuahirisha wiki hii kwa sababu baridi bado ni kidogo, wiki inayofuata huahirisha kwa sababu imezidi.

Jua kwanza injini yako inapozwaje

Jetski zote hunyonya maji ya ziwa kwa pampu ileile inayozisukuma, na sehemu ya maji hayo huelekezwa kwenda kupoza injini. Zinachotofautiana ni mahali ambapo maji hayo hufika. Katika WaveRunner za Yamaha na Jet Ski za Kawasaki, maji ya ziwa huzunguka ndani ya bloku yenyewe (mwili mkuu wa injini), yakapita kandokando ya silinda, kwenye kichwa cha injini, kwenye manifoldi na ekzosi, kisha yakatoka nje. Huo ni mfumo wazi. Sea-Doo zenye injini ya Rotax ya mapigo manne hutumia mfumo uliofungwa: bloku hupozwa kwa kulanti (kioevu cha kupozea) isiyotoka kamwe ndani ya mabomba yake, sawa na ilivyo kwenye gari, nayo kulanti hiyo hupoa inapopita kwenye bamba la chuma lililo chini ya chombo, ambalo upande wake wa nje hugusana na maji ya ziwa.

Hapo ndipo linapozaliwa kosa ambalo huwagharimu watu wengi kuliko yote. Mwenye Sea-Doo husikia kwamba mfumo wake umefungwa, naye akahitimisha kwamba hana maji ya kutoa. Ukweli ni kwamba hata katika Sea-Doo ekzosi hupozwa kwa maji ya ziwa, na katika baadhi ya modeli zenye supachaja (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) kile kipozeo cha hewa inayoingia kwenye injini hutumia maji hayohayo. Kulanti huilinda bloku peke yake. Manifoldi iliyo ubavuni mwake hupasuka vilevile. Kabla hujanunua chochote, fungua kitabu cha maelekezo, utafute ukurasa unaohusu hifadhi, uone mtengenezaji ametaja sehemu zipi zenye maji ya ziwa. Kama kitabu kilipotea pamoja na mwenye chombo wa kwanza, kampuni zote tatu zilizotajwa huweka vitabu vyao mtandaoni kwa mwaka na modeli.

Wenye mfumo uliofungwa wana jukumu la ziada, nalo ni kuipima kulanti. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyokenekwa huhimili baridi ya takriban nyuzi −37, lakini chombo kilichopita mikononi mwa watu kadhaa huenda kiliongezwa maji ya bomba kila kulanti ilipopungua, hadi kilichobaki kikawa maji yenye rangi tu. Kipimo kidogo cha kuchovya au cha kunyonya, kinachouzwa kwa bei nafuu katika duka lolote la vipuri vya magari, kitakuonyesha kulanti yako itaganda kwa nyuzi ngapi. Ikiwa kiwango hicho kiko karibu na baridi ya eneo unaloishi, badilisha kulanti yote.

Siku ya mwisho ziwani

Maandalizi mazuri huanza jetski ikiwa bado majini. Petroli inayouzwa katika vituo vingi vya Marekani ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu kutoka hewani. Tangi likikaa miezi sita bila kuguswa, unyevu ukizidi kipimo ambacho petroli inaweza kukibeba, ethanoli hujitenga pamoja na maji yale na kushuka chini, mahali hasa ambapo pampu ya petroli huvuta. Wakati huohuo sehemu nyepesi za petroli huvukiza, na zile nzito hubaki zikawa utando unaonata ndani ya sindano za mafuta. Dawa ya kuhifadhi petroli huchelewesha mabadiliko haya, lakini haiwezi kuirudisha petroli iliyokwisha kuharibika, na kwa sababu hiyo hutiwa kwenye petroli mpya.

Njia iliyo bora ni kutia dawa hiyo kituoni kabla ya matembezi ya mwisho ya msimu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ukaijaza petroli juu yake ili vichanganyike, kisha ukaenda ziwani kama kawaida. Kufikia jioni petroli yenye dawa itakuwa imekwisha kupita kwenye pampu, kwenye reli na kwenye sindano zote, injini ikiwa inapozwa na maji ya ziwa bila hatari yoyote. Anayetia dawa chombo kikiwa tayari kwenye trela nyumbani hulazimika kuiendesha injini kwa mpira wa maji ili dawa ifike inakotakiwa, na kama tutakavyoona, injini ya jetski haipendi kuendeshwa muda mrefu nje ya maji. Unaporudi, jaza tangi karibu lote lakini si hadi mdomoni, kwa kuwa tangi tupu huacha nafasi kubwa ya hewa yenye unyevu, na petroli nayo huhitaji nafasi kidogo ya kupanuka siku ya jua. Minnesota huuza pia petroli isiyo na ethanoli, ya okteni 91, katika pampu zenye kibandiko kinachotaja boti na magari ya theluji miongoni mwa vyombo vinavyoruhusiwa; kwa tangi linalokwenda kulala miezi sita, nyongeza ya bei ni halali yake. Petroli yenye ethanoli ya asilimia 15 haifai kabisa, na sheria za Marekani haziruhusu itumike katika vyombo vya majini.

Ukiisha kuitoa jetski ziwani, usiondoke gatini kabla hujafungua nguruzi za tezi, yaani vizibo vya kutolea maji vilivyo nyuma ya chombo, ukaacha maji yote ya ngama yamwagike, na ukaondoa kila jani na nyuzi za magugu kwenye trela, kwenye wavu wa pampu na ndani ya mdomo wa pampu. Sheria ya Minnesota inataka hivyo, na inakataza kusafirisha chombo barabarani nguruzi zikiwa zimefungwa. Sababu ni viumbe vamizi, hasa kome wadogo wenye mistari waliogunduliwa katika Maziwa Makuu ya Amerika mwaka 1988 na ambao tangu wakati huo wamesambazwa kutoka ziwa hadi ziwa kwa trela za watu kama sisi. Aliyewahi kuliona gugu maji likiziba Ghuba ya Winam kule Kisumu hatahitaji kushawishiwa zaidi.

Oili nayo ibadilishwe siku hiyohiyo, injini ikiwa na vuguvugu. Oili iliyotumika msimu mzima imekusanya unyevu na asidi zitokanazo na mwako, na kuiacha ilale juu ya beringi na vyuma vilivyong'arishwa kwa miezi sita ni kukaribisha kutu bila sababu. Jetski nyingi hazina nafasi ya kuweka karai chini ya injini, hivyo oili hunyonywa kwa pampu ndogo kupitia bomba la kijiti cha kupimia. Badilisha filta, tia oili ya daraja lililotajwa kitabuni, na ujihadhari kuijaza kupita alama, kwa kuwa oili iliyozidi hurushwa hadi kwenye njia ya hewa. Itazame vizuri oili uliyoitoa. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, kuna maji ndani ya injini, na chombo hicho kinahitaji fundi kabla ya kuhitaji hifadhi.

Kuosha injini na kuyatoa maji

Fanya kazi hii nje, mahali penye hewa, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi inayoua bila harufu.

Kila jetski ina mdomo wa kuunganishia mpira wa maji, mara nyingi karibu na pampu au chini ya kiti, na kuna mpangilio wa hatua ambao hauruhusiwi kugeuzwa: injini huwashwa kwanza, ndipo maji yafunguliwe, na wakati wa kumaliza, maji hufungwa kwanza, ndipo injini izimwe. Sababu yake ni hii. Injini inapofanya kazi, msukumo wa moshi huyatoa nje maji yanayoingia kwenye ekzosi. Maji yakifunguliwa injini ikiwa imezimwa, hakuna kinachoyasukuma. Yataijaza ekzosi, yapande na kurudi nyuma hadi kwenye valvu, kisha yaingie ndani ya silinda. Pistoni inaweza kubana hewa, lakini haiwezi kubana maji, na anayebonyeza kitufe cha kuwasha katika hali hiyo anaweza kuukunja mkono wa pistoni kwa sekunde moja. Kwa hiyo unganisha mpira, uhakikishe koki imefungwa, washa injini, fungua koki mara moja, na uiache injini ikinguruma kwa mwendo wa chini. Kwa mfumo wazi, Yamaha inaonya injini isiendeshwe zaidi ya sekunde 15 bila maji. Kwa Sea-Doo, muda wenyewe ndio wenye mpaka, hata mpira ukiwa umeunganishwa: sili ya shafti hupozwa na ziwa, si na mpira, na mtengenezaji anataka injini isipitishe dakika 2 nje ya maji.

Kwa chombo cha ziwani, dakika 2 au 3 za maji safi zinatosha kutoa mchanga na tope, mradi wenye Sea-Doo wasipite mpaka wao. Aliyeipeleka jetski baharini msimu huo aioshe kwa uangalifu zaidi, maana chumvi iliyobaki itaendelea kula alumini kimyakimya majira yote ya baridi. Ukimaliza, funga koki, kisha bana eksileta mara mbili au tatu kwa mkupuo mfupi, ili moshi uyasukume nje maji yaliyotuama kwenye kasha la ekzosi, na uizime injini. Utaona maji yakiruka kwa nguvu mara ya kwanza, kisha machache, kisha matone. Usiendelee kubana eksileta kwa kutafuta tone la mwisho. Mpira wa ekzosi huungua upesi kuliko watu wanavyodhani.

Mwinuko wa trela husaidia kuliko vifaa vingi. Iinue omo, yaani mbele ya chombo, kwa jeki ya trela ili tezi iwe chini, ufungue viunganishi vya mipira ya maji ambavyo kitabu kimeviorodhesha, na uache uzito wa maji ufanye kazi yake. Kisha, kama una kompresa, puliza hewa kupitia mdomo wa kuoshea, kwa shinikizo lisilozidi lile lililotajwa kitabuni, hadi pasitoke tena hata ukungu kwenye pampu na kwenye kile kitundu cha ubavuni ambacho huonyesha kwamba maji yanazunguka. Katika Sea-Doo hewa hii ndiyo inayoitoa akiba ya maji iliyojificha kwenye manifoldi ya ekzosi. Nisingeiruka hatua ya hewa kwa sababu ya uvivu. Kompresa ndogo ya kuazima kwa jirani inatosha.

Dawa ya waridi

Baada ya kutoa maji, watu wengi wa hapa hupitisha kioevu cha kuzuia kuganda ndani ya njia za maji ya ziwa, ili tone lolote lililobaki lichanganyike nacho. Hapa uchaguzi wa chupa ni jambo la uhai. Kioevu cha waridi kinachouzwa kwa ajili ya mabomba ya magari yenye makazi ndani yake (RV) kimetengenezwa kwa propilini glaikoli, ambayo sumu yake ni ndogo. Kulanti ya kawaida ya magari aghalabu ni ethilini glaikoli, ambayo ni sumu kali na ina ladha tamu, kiasi kwamba mbwa na watoto huilamba kwa hiari yao. Kila utakachokitia kwenye njia za maji mwezi wa Oktoba kitamwagikia ziwani mwezi wa Mei, kwa hiyo kulanti ya magari isiguse mfumo wazi kwa hali yoyote. Hata cha waridi, ni vema kukikinga kwenye ndoo kinapotoka kuliko kukiacha kitiririke kwenye mfereji wa mtaa.

Maandishi ya −50 yaliyo kwenye galoni ni nyuzi za farenhaiti, yaani takriban −46 za sentigredi, na maana yake ni kiwango ambacho bomba halitapasuka kioevu kikiwa hakijachanganywa na maji. Kikichanganyika na maji yaliyosalia, uwezo huo hushuka, na ndiyo sababu hewa hutangulia na kioevu hufuata. Kwa mfumo wazi, weka pampu ndogo ndani ya ndoo yenye galoni moja au mbili, uiunganishe na mdomo wa kuoshea, kisha ufuate mpangilio uleule: injini kwanza, kioevu baadaye, rangi ya waridi iliyokoza ikishatoka nyuma, zuia kioevu, halafu zima injini. Usikisukume kioevu kwa pampu injini ikiwa imezimwa, kwa sababu zilezile zilizotajwa juu ya maji. Kwa Sea-Doo, kitabu kitaonyesha mpira wa kufunguliwa kwenye ekzosi na namna ya kukimimina.

Ndani ya silinda na juu ya injini

Silinda iliyoachwa kavu hupata kutu nyembamba ambayo huzikwaruza ringi za pistoni siku ya kwanza ya msimu. Dawa yake ni oili ya kupuliza, inayouzwa kwenye kopo lenye mrija mrefu. Futa uchafu kuzunguka koili na plagi kabla ya kuzitoa, ili mchanga usidondoke ndani, kisha pulizia kila silinda kwa sekunde chache na uizungushe injini kwa stata mara moja au mbili ili oili isambae kwenye kuta. Injini isiwashwe hapa, izungushwe tu, na koili ziwekwe mbali na matundu, kwa kuwa cheche moja juu ya mvuke wa oili na petroli inatosha kuleta moto. Sea-Doo za sindano zina namna iliyokusudiwa kwa kazi hii: bana eksileta hadi mwisho, ndipo ubonyeze kitufe cha kuwasha, na injini itazunguka bila petroli wala cheche. Rudisha plagi kwa mkono kwanza, kisha uzikaze kwa spana ya kipimo. Kwa injini za zamani za mapigo mawili, oili hiyo hupulizwa kwenye kabureta injini ikinguruma, hadi moshi mweupe uzidi na injini ijikwame yenyewe. Hilo lifanyike mwishoni mwa kuosha, maji yakiwa bado yanapita, na koki ifungwe papo hapo injini inapoelekea kuzima.

Pulizia pia mafuta membamba ya kuzuia kutu juu ya vyuma vya injini na viunganishi vya umeme.

Betri

Iondoe. Betri ya asidi iliyojaa chaji haigandi hata kwenye nyuzi −50, lakini iliyokwisha chaji huweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, ikapasuka na kumwaga asidi ndani ya chombo. Fungua waya mweusi wa hasi kwanza, mwekundu baadaye. Wakati wa kurudisha, mwekundu hutangulia. Safisha vichwa vyake, iweke mahali pakavu pasipo na joto kali, na iunganishe na chaja janja ya kutunza chaji, au uichaji tena mara moja kila mwezi. Betri nzuri iliyopumzika husoma volti 12.6 au zaidi. Wazee wa gereji bado husema betri isiwekwe juu ya sakafu ya saruji. Hilo lilikuwa na maana enzi za makasha ya mbao na raba, lakini kwa makasha ya plastiki ya leo sakafu haina madhara. Mwenye betri ya lithiamu azingatie jambo tofauti: isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri.

Ngama, pampu na trela

Toa kiti, osha ngama kwa maji na sabuni kidogo, ikaushe kwa kitambaa hadi pembeni kabisa, na uziache nguruzi nje. Zifunge ndani ya mfuko pamoja na ufunguo wa chombo, kwa maana hakuna njia nyingine ya uhakika ya kutozisahau wakati wa kurudi majini. Kiti kirudishwe kikiwa kimeinuliwa kidogo kwa kipande cha mbao, ili hewa ipite.

Kwenye pampu, chukua tochi uangalie makali ya impela (pangaboi la ndani ya pampu) na ile pete inayoizunguka. Mawe madogo ya gatini huchana makali hayo, na uzi wa kuvulia samaki hujizungusha kwenye shafti hadi ukaikata sili. Matengenezo hayo ni rahisi kuagiza mwezi wa Novemba kuliko Mei, wakati kila fundi wa jimbo ana foleni hadi mlangoni. Tia grisi mahali ambapo kitabu kimeelekeza. Kama chombo chako kina breki ya Sea-Doo iliyo kwenye mdomo wa pampu, toa ufunguo kabla ya kuingiza mkono, kwa sababu kile kifuniko huendeshwa na mota.

Panya hupenda sponji ya kiti na nyaya kuliko kitu kingine chochote ndani ya gereji baridi. Ziba mdomo wa ekzosi na wa hewa kwa steelwuli (nyuzi za chuma za kusugulia) iliyoviringwa vizuri, kisha funga kitambaa chekundu kwenye usukani kiwe ukumbusho wa kuzizibua. Mitego iwekwe nje ya chombo, isiwe ndani yake, au utaikuta maiti ya panya kwenye ngama mwezi wa Mei.

Trela husahauliwa na karibu kila mtu. Kitovu cha gurudumu kilichopata moto barabarani kinapotumbukizwa kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili, na maji hayo hukaa ndani ya beringi. Pampu grisi mpya hadi ile iliyochafuka itoke, inua ekseli juu ya stendi imara ili matairi yasibebe uzito mahali pamoja miezi yote, na ulegeze kidogo mkanda wa winchi.

Mahali pa kukiweka chombo na namna ya kukifunika huamua mengi. Gereji kavu isiyo na joto inafaa kabisa ikiwa maji yametolewa. Penye hita ya maji ya moto wa gesi hapafai, kwa kuwa mvuke wa petroli hutambaa sakafuni hadi kwenye mwali. Nje, tumia kifuniko cha turubai kinachopumua na kilichovutwa kwa mteremko ili theluji iteleze. Nailoni iliyofungwa kwa kubana hukusanya jasho ndani, na unyevu ukarudi kwa mlango wa nyuma. Soma pia mkataba wa bima, kwa maana bima nyingi hazilipi chuma kilichopasuka kwa kuganda.

Mwezi wa Mei

Ukiisha kutoa steelwuli, kurudisha betri iliyojaa na kukagua mipira yote, chukua nguruzi, ila zifunge ukiwa gatini, kabla chombo hakijagusa maji. Injini iwashwe nyumbani kwa sekunde chache tu. Itatoa moshi mwingi mweupe, nao ni oili ya silinda inayoungua, haustahili kukutisha. Plagi zikilowa na injini ikagoma, weka mpya, ni za bei ndogo. Matembezi ya kwanza yawe mafupi, karibu na gati, na baada ya dakika tano rudi ufukweni, inua kiti, na utazame kama kuna maji yanayoingia kwenye ngama au matone yanayotoka kwenye manifoldi.